Mguu wa Kushoto

Kizota, nyuma ya maghala, yapo mawili,
mapacha waliotoka tumbo moja la meli,
viti viwili viwili, pua chini kama mbwa aliyenusa kitu.
Jekundu lina gia za mkono. Jeupe linajibadilishia lenyewe.
Bei zimepishana laki tatu tu,
na muuzaji, Chidawali, kijana wa kucha safi,
ananiuliza kama anayeuliza chai au kahawa:
"Mama, unachukua lipi?"

Nina pesa za zabibu za misimu minne,
za Hombolo, zilizochelewa kama kawaida yake.
Nina miaka hamsini na mbili
na sina mtu wa kumwomba ruhusa.

Nikaanza na jeupe.
Barabara ya kwenda Mtumba, upepo wa Julai,
vumbi jekundu linavuka lami bila kutazama.
Nikakanyaga, likaondoka kama maji yaliyomwagwa,
gia zikipanda bila hodi:
ya kwanza, ya pili, ya nne.
Ya tatu sikuisikia hata ikipita.
Mikono yangu imetulia kwenye usukani kama ya picha ya harusi.
Kila tuta la Ihumwa lilinikuta sina la kufanya,
na mguu wangu wa kushoto
umekaa pale chini, abiria aliyelipa nauli
na hakuna anayemuuliza anashuka wapi.

Sitadanganya. Nilipenda.

Kisha jekundu.
Nililizima mara mbili langoni.
Chidawali akaangalia simu yake, kwa adabu.
Mara ya tatu klachi ikauma mahali pake,
tukashika njia ya Kondoa, tukaipita Veyula,
na kabla ya kona moja nikarudi ya tatu,
injini ikapandisha sauti
kama mama mkwe aliyesikia jina lake linatajwa jikoni.
Kona niliikata mimi.
Mbele kidogo nikaitafuta ya tatu tena, nikaingiza ya tano;
gari likaguna, likakosa nguvu, likatetemeka.
Hata hilo lilikuwa langu.

Jioni nikampigia baba, Manyoni.
Mzee Ndahani aliendesha lori miaka thelathini na moja,
lori ambalo kila gia ilitaka klachi mara mbili
na dua katikati,
Singida kuja Dodoma, enzi lami ikiwa habari ya redioni.
Nilijua atakachosema.

"Chukua la oto."

"Baba?"

"Nimebadilisha gia hadi usingizini, Nyemo.
Mama yako alikuwa akipigwa teke usiku kucha.
Hili goti ninalolikanda kwa mafuta ya mnyonyo
si la uzee, ni la klachi.
Sasa wewe unataka kazi yangu iwe mchezo?"

Nikanyamaza. Simu ikawa inahesabu sekunde.
Ndiyo, baba, mchezo.
Wewe ulibeba saruji na chumvi ya watu.
Mimi sibebi kitu.

Akacheka, akakohoa, akacheka tena.
"Basi usipumzishe mguu juu ya klachi.
Utaiunguza."

Wadogo zangu wanasema nimechanganyikiwa,
wananitajia foleni ya asubuhi, magari ya ofisi, magoti yangu mwenyewe.
Wana haki.
Lakini kuna hili, ambalo silisemi kwa sauti:
shemeji zangu wote wamejifunzia oto.
Hakuna atakayekuja Jumamosi kuazima.

Jumatatu nikatia sahihi. Jekundu.
Ufunguo ni mmoja; wa pili, anasema Chidawali, ulibaki Japani.
Nikatoka taratibu, ya kwanza, ya pili,
nikafika kipilefti cha Bahi, bodaboda kila upande,
likazimika.

Honi moja nyuma yangu. Tatu. Sikuhesabu tena.
Klachi chini. Ufunguo.
Mguu wa kushoto ukaanza kupanda, polepole,
ukipatafuta pale panapouma.