Chungu Nambari Kumi na Tano

Lifti ilikufa na theluji ya mwisho.
Nikapanda ghorofa sita, chungu kifuani,
nyasi changa, kimo cha kidole, zikinitekenya kidevu.
Bi Razija akafungua kabla sijabisha:
alikwisha nisikia nikihema.

"Zinafanya nini?"
"Hazifanyi kitu. Zinapumua."
"Kazi hiyo hata mimi naiweza."

Tukazitua roshenini, zikielekea kiwanda cha chuma,
utambi ukinyonya maji ya ndoo chini yake,
zisife kiu, zisipate kisingizio.
Mbegu moja, udongo mmoja, kipimo kimoja
katika vyungu ishirini, Zenica nzima:
kitakachotofautiana ni hewa peke yake.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo.
Tembo wa hapa ana mkonga mmoja, wa matofali,
wala hapigani na mtu. Amelala wima, anakoroma,
na nyasi zinaumia vilevile.

Siku ya ishirini na nane nikarudi na mkasi wa kauri
(wa chuma ungetia uongo kwenye ushahidi).
Kwa macho usingezishuku: kijani kibichi,
zimeinama kidogo, kama mtoto mbele ya wageni.
Mpaka uzikaushe, uzisage, uziyeyushe kwa asidi,
ndipo zinapotaja majina:
risasi, kadimi, zinki.
Mumewe alishinda na majina hayo miaka ishirini na sita.
Picha yake iko juu ya friji. Sikuuliza.

"Siku ishirini na nane," akasema Bi Razija,
"na mimi nimo roshenini humu tangu mwaka wa sabini na tisa.
Mimi atanikata nani?"

Nilikuwa naandika lebo.
Niliendelea kuandika lebo.

Akauchukua mkasi mezani, akalegeza kitambaa,
akakata kishungi cha mvi, kimo cha kidole,
akakitia kwenye mfuko wangu mmoja, akaubana mdomo,
akaandika juu yake, kwa herufi za mtu aliyewahi kuwa karani:
15b.

Fomu haina safu ya hiyo.
Ripoti ilikwenda na vyungu vyake ishirini,
wastani wake, jedwali lake, muhuri.
Mfuko umo kwenye droo yangu, chini ya kalamu.
Nikitafuta kalamu, unachakarisha.

Namna ya kupima naijua.
Sijaupima.