Namba Tasa

Lutomia ameileta ndani ya gunia kutoka Malava,
gia ya kinu chake cha sukari guru:
mapengo matano mfululizo,
makapi ya miwa yameganda kwenye fizi.
"Miwa imeshakatwa, imelala juani. Nataka kesho."

Apondi hamjibu. Anahesabu kwa ukucha
meno yaliyopo na yasiyokuwepo.
Thelathini na saba.

Hapa Kibuye nyundo hazijui Jumapili.
Anachukua kopo la maziwa ya unga, analizungushia uzi,
anafunga kalamu kwenye ncha.
"Kunjua. Usilegeze."
Uzi unatoka koponi ukiwa umekazwa,
kalamu inaacha mpindo juu ya kadibodi.
"Huo ndio ubavu wa jino.
Jino lenye ubavu ulionyooka hugonga.
Hili litabingirika juu ya mwenzake
likisukuma kwa pembe moja,
tangu kugusana hadi kuachana: nyuzi ishirini."
Nacheka: uzi mmoja kuzaa nyuzi ishirini!
Yeye hacheki.

Chuma tulichokikereza jana tunakifunga kwenye kigawanyo.
Mzungusho mmoja, na matundu matatu
kwenye duara la matundu thelathini na saba.
Kata. Mafuta. Rudisha.
Mzungusho mmoja, na matundu matatu.
Chembe za chuma, samawati kwa moto,
zinanitua mkononi.

"Kwa nini si thelathini na sita? Ingegawanyika vizuri."

"Gia ndogo ina meno kumi na manane.
Ukiweka thelathini na sita, kila jino la ile ndogo
litakutana na mawili yale yale, asubuhi na jioni,
yakilana pale pale.
Thelathini na saba haigawiki. Ni namba tasa.
Kila jino la huku litaonana na kila jino la kule
kabla ya wawili kurudiana."

Amelitamka *tasa* bila kupunguza sauti,
neno ambalo kule Alego
walimfungia nalo virago.
Kisha anapuliza unga wa chuma, anainama tena.

Jino la mwisho ndilo hakimu.
Ukiruka tundu moja mahali fulani asubuhi
utalikuta hapa, jembamba, linakucheka.
Mzungusho mmoja.
Tundu la kwanza. La pili.
La tatu.
Kisu kimepita.

Apondi anapima mara mbili,
kisha ananipa kipimo: "Soma wewe."

Lutomia amesinzia juu ya gunia tupu.
Hatumwamshi mpaka nimesoma
meno yote.