Kadi Ipo, Dereva Hayupo

Virusi vilipomaliza kula barua za wateja wangu
nilikaa siku mbili nauza penseli na bahasha.
Ya tatu akaja Semkiwa, mtoto wa kaka, kutoka Muheza,
na flashi iliyofungwa uzi mwekundu.
"Shangazi, humu mna Linux. Haina bei.
Ile ya zamani tuipe chumba cha uani,
ikae na mahesabu yako ya kikoba."
Akaipandikiza, akawahi gari la jioni.

Asubuhi, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
nikabonyeza kitufe. Feni ikavuma, taa ikawaka,
kioo kikabaki cheusi kama kikaango.
Nikazima. Nikawasha.
Nikaipiga kikofi ubavuni, kama redio ya marehemu baba.
Nikaisomea Ayatul Kursi.
Cheusi.

Simuni Semkiwa ananong'ona, yuko kazini:
"Ikileta orodha, bonyeza herufi e.
Tafuta mstari unaoanza na linux.
Mwisho wake andika nomodeset."
"Neno la wapi hilo?"
"Andika tu, shangazi. Bila nafasi katikati."
Mimi niliyechapa barua za shamba la mkonge
miaka kumi na tisa, vidole kumi, macho dirishani,
nikalichapa kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi,
kama mtoto anayeokota mawe kwenye mchele.
Kioo kikapepesa.
Kikafunguka.

Lakini mtandao hakuna.
Si kwamba umekatika: alama yenyewe haipo,
mahali pake pamebaki pengo, kama jino lililong'olewa.
"Iulize ina nini tumboni," akasema,
akanitajia herufi tano, lspci, nikaziingiza.
Ikajibu bila kuficha, mstari baada ya mstari,
na karibu na mwisho, jina na namba, kadi ya waifai.
"Umeona? Kadi ipo. Dereva hayupo."
"Dereva tunampata wapi?"
"Mtandaoni."
Nikacheka peke yangu mpaka muuza maandazi akachungulia.
Tumsubiri dereva alete mtandao,
au tusubiri mtandao ulete dereva?

"Chomeka simu. Waya ule ule wa kuchajia."
Kompyuta ikaanza kunywa bando langu la shilingi mia tano
taratibu, kwa mrija.

Ng'ambo ya barabara Kiondo alikuwa na pancha.
Anautia mpira majini, kipande kwa kipande,
anauzungusha, anatazama.
Hatukani gurudumu. Hapigi kofi.
Anasubiri tundu lijitaje lenyewe, kwa povu.
Nikaona haya kwa kile kikofi.

Waifai ikaja. Printa ikajitambulisha yenyewe, mstaarabu.
Sauti haikuwepo, nikahangaika nusu saa,
kumbe imezibwa mdomo tu, pale pembeni chini,
na aliyeiziba ni mimi.

Imebaki saa.
Jua la saa mbili, watoto wa shule wamepita juzi juzi hivi,
kompyuta inasema kumi na moja.
Nikatoa sita, kama ada: tano. Bado uongo.
"Mifumo miwili, saa moja," akasema Semkiwa.
"Wa zamani uliandika saa ya hapa.
Mpya unadhani ni ya Uingereza, unaongeza tatu."
Sikuikasirikia.
Tangu darasa la kwanza nasoma nane, natamka mbili,
na hakuna aliyewahi kuniita mbovu.
Hiyo nitaitengeneza kesho.

Ustadhi Mngazija amefika na baiskeli yake,
anataka mtihani wa madrasa, nakala arobaini.
Printa inatema karatasi, za moto,
nami nyuma ya daftari la madeni naandika:

Kioo kikiwa cheusi, haijafa.
Alama isipoonekana, uliza kilichomo tumboni.
Waya wa simu usiazimishe mtu.
Tazama kwanza kama hujaiziba mdomo mwenyewe.
Ustadhi: nakala 40. Amelipa nusu.