Cheti cha Alphonsine

Mama alikitoa chini ya godoro usiku wa Machi,
karatasi iliyokunjwa mara nne,
muhuri wa parokia umefifia
kama chai iliyoongezwa maji kwa ajili ya wageni.
"Kuanzia kesho," akasema, "una miaka kumi na minne."
Nilikuwa na kumi na mmoja.
Mwenye kumi na minne alikuwa Alphonsine,
dada yangu, aliyebaki kule Beauce
chini ya theluji na msalaba wa mwerezi.
Dondakoo lilimchukua kabla hatujauza ng'ombe.

Husemwa jina jema hung'ara gizani.
Lake tulilifukua,
tukalipangusa udongo,
nikalivaa kama nilivyovaa viatu vyake:
kwa kujaza matambara kwenye ncha.

Bwana Haskell, karani wa mishahara,
alilitafuna mara mbili likamshinda.
Akaandika Alice.
Mimi Rose-Délima nikasimama pale
na majina matatu, na mkate mmoja mfukoni.

Mto Saco huanguka mara mbili hapa Biddeford,
mara juu ya mawe, mara juu ya migongo yetu.
Madirisha yamepigiliwa misumari,
maana uzi ukikauka hukatika.
Mtu akikauka,
yupo mwingine langoni ameshika kofia.
Pamba ilitua kwenye kope, kwenye supu,
kwenye rozari ya Mama aliyoitundika msumarini.

Na kile kipisha uzi, mti laini wenye ncha za chuma:
uzi ukiisha unaweka kibonge kipya,
unabandika mdomo kwenye tundu,
unafyonza mpaka uzi utokee.
Wasichana waliliita busu.
Tundu moja, midomo ya wanawake sita.
Exilda Pomerleau alitema damu Jumanne.
Jumatano nilipewa mashine zake nne
na vipisha vyake, vikiwa bado na alama za meno.
Nilifyonza.
Ungefanyaje wewe?

Katika ngurumo ile sauti haikuwa na kazi.
Tulisema kwa midomo mitupu,
kutoka safu hadi safu, juu ya mitande,
nani anaposwa, nani kafiwa, samaki bei gani.
Nilichukua miezi miwili kujua kusoma.
Darasani sikuwahi kufika mbali,
lakini mdomo wa mtu, hata wa padri aliye mbali madhabahuni,
niliusoma kama bango.

Kumbe Mama hakujua kwamba nimejua.
Jumapili moja, mezani, yeye na shangazi Mélina
wakazungumza vile vile, bila sauti,
juu ya vichwa vyetu na sahani za maharage.
*Anakohoa usiku,* mdomo wa Mama ulisema.
*Na huyu mdogo?* akauliza shangazi.
Ovila alikuwa anachezea kijiko. Miaka minane.
Mama alimtazama kwa muda mrefu.
*Kwa huyu,* midomo yake ikasema, *hatuna marehemu.*

Nikaomba chumvi.

Nilirudi Beauce mara moja tu,
nikiwa na mvi na sikio moja lililobaki.
Msalaba ulikuwa umeoza, lakini mlinzi wa makaburi
alikuwa na daftari, akahesabu hatua kutoka ukutani,
akasema, hapa, au karibu na hapa.
Nikapiga magoti. Mdomo ukaanza wenyewe,
kwa mazoea, bila sauti.
Mlinzi akavua kofia. Alidhani nasali.

Nilikuwa namsomea hesabu zake:
wiki ya kwanza, dola mbili na senti arobaini.
Kodi ya nyumba. Makaa. Buti za Ovila, aliyemaliza shule.
Mwaka wa mgomo, sifuri, wiki kumi na moja.
Jeneza la Mama, la mvinje, tulilipa kidogo kidogo.
Nilifika mwaka wa ishirini na tatu,
mvua ikaanza, basi likapiga honi barabarani.
Sikuisikia; mlinzi ndiye aliyenigusa bega.
Nikamwambia Alphonsine
kwamba nyingine nitamwandikia,
na kwamba viatu
vilinitosha mwishowe.