Bei ya Pindo

Bi Kazija kaja na karatasi, si kitambaa.
Kaitandaza juu ya meza yangu ya kukatia,
kaikandamiza kwa mkasi isipeperuke,
akasema: We fundi, nisomee. Wajua bei.

Mimi nashona Wete, mkabala na duka la mabati,
mwaka wa thelathini na moja huu.
Bei naijua. Lakini hii ni bei ya uso.

Uso aliokuja nao anauvuta kwa vidole viwili
kuelekea masikioni.
Hivi, anasema. Ukikaa hivi, basi.
Ukakaa kiasi cha pumzi moja, halafu ukateremka
kama pazia lililokosa pete.

Nikavaa miwani.

Mstari wa kwanza: mkono wa daktari.
Huo sikuuhoji. Kushona anajua hata mpwa wangu Subira,
na nguo za harusi bado zinakuja kwangu.
Wa pili, usingizi. Unauzwa kwa saa,
na anayeulinda usizidi wala usikatike analipwa mbali.
Kisha chumba, na taa zake, na vyuma vilivyochemshwa.
Shingo ina mstari wake. Hapo akaruka:
Shingo si ndo uso huo huo?
Nikamwambia, gauni na mtandio si pima moja, bibi.
Kope, mstari mwengine. Damu, moyo,
kwa kuwa ana miaka sitini na tatu, na presha.

Chini kabisa, kwa herufi kama mayai ya chawa:
hili ni kadirio, huenda likapanda
daktari akishaishika ngozi mwenyewe.
Na hilo nalijua. Mteja hukwambia ni kiuno tu, punguza,
ukifumua unakuta fundi wa mwanzo
kaikata akiba yote ya mshono, huna pa kushikia.
Ndo maana kazi ya pili ni ghali kuliko ya kwanza.
Ushawahi kufanya? nikamuuliza.
Audhubillahi! Akacheka,
na mikunjo yote ikaja kumsaidia kucheka.

Tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya ruwaza,
si kwa dola, kwa karafuu,
maana dola hatuijui uzito wake.
Magunia manne, usingizi.
Shamba la Kinyasini, msimu mzima ulioitika: daktari.
Na yasiyoandikwa:
tiketi mbili za Mumbai, kwani aliyefungwa bendeji kichwa kizima
hawamwachi atoke peke yake;
siku kumi na nne za hoteli, kulala juu ya mito mitatu;
Ilham, bintiye, likizo ya Maskati isiyo na mshahara.
Na uongo: majirani wataambiwa ni jino.
Huo sikuutia bei.

Sikumuuliza kwa nini. Alisema mwenyewe, akitazama barabara.
Naamka mzima. Nakunywa chai yangu, naoga, natoka,
nakutana na mtu, ananipa pole.
Pole ya nini? Sina kitu mie.

Akakunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.

Alirudi Mfungo Tatu, na gauni mkononi.
Nikamkalisha penye mwanga, eti nimpime.
Nikapita kwa macho ukingo wa nywele, chini ya sikio,
natafuta mshono. Mimi najua mshono hujificha wapi.
Hamna.
Hamna.
Kisha nyuma ya sikio la kushoto, uzi wa waridi,
umekwenda kombo kidogo, mahala ambapo hata mimi
mkono ungekuwa ushachoka.
Nikafurahi, sijui kwa nini.

Mabegani, akasema, limelegea.
Elfu kumi na mbili.
Akafungua mkoba pale pale,
yeye aliyekuwa akinigombea mpaka bei ya kifungo.
Nikamrudishia mbili.

Hajafika duka la mabati nikamsikia Bi Mize
akimpigia kelele kutoka ng'ambo ya njia:
Kazija! Mashaallah!
Mbona umenenepa hivyo?