Saa ya Kumi na Tisa

Mara tatu zimenifia, saa ile ile:
ya kumi na tisa tangu pampu ianze kunong'ona.
Seli za matumbawe, zimelala bapa kwenye kioo,
picha moja kila dakika nne, zinapumua,
halafu weupe,
halafu makunyanzi.

Nilishuku gundi.
Nikabandua silikoni kwa wembe, nikapaka upya,
nikangoja ikauke kutwa nzima,
Nzai akiniuliza kama najenga tangi la maji.
Haikuvuja hata tone. Zikafa.

Nilishuku stima.
Ikikatika huku Shela, jenereta la jirani huguruma,
meza hutetemeka, picha huingia ukungu.
Tukaipandisha hadubini juu ya tairi la bodaboda
lililojazwa upepo nusu.
Picha zikatulia kama mdaiwa aliyesamehewa.
Zikafa zimetulia.

Nikaushuku mrija. Nikaishuku mikono yangu.
Nikamshuku hata Mbeyu
aliyefungua mlango mara moja tu, kuniletea mahamri,
na nikamwambia maneno ambayo bado sijayaombea radhi.

Usiku wa nne sikulala.
Nikakiona kikija mrijani: kiputo,
kidogo kuliko punje ya mtama,
bila haraka, kama mgeni aijuaye nyumba.
Kikaingia chemba. Kikakaa juu yao.
Kilipoondoka
kilikuwa kimepangusa kila kitu.

Kimepitia wapi? Tundu hakuna.

Alfajiri nikabandika maji ya chai, nimechoka,
nayatazama tu kwa kukosa la kutazama.
Hayajachemka. Hata mvuke hayajatoa.
Lakini ukutani mwa sufuria, ndani,
vitone vya hewa vimejipanga, vidogo, vingi,
na hakuna aliyevitia.

Hewa haikuingia. Ilikuwamo.
Nilikuwa nikitoa chakula chao kwenye friji
kikiwa baridi, kimebana pumzi,
nakipeleka moja kwa moja kwenye joto la chemba,
na huko ndiko kilikoachia.

Basi chupa ikalala nje, penye joto, mdomo haukukazwa,
ikashusha pumzi zake usiku kucha.
Mrija nikaupa kigongo kabla ya chemba,
hewa ipande ikae huko juu, maji yapite chini.
Kazi ya dakika kumi.
Wiki tatu, na dakika kumi.

Saa ya kumi na tisa ikapita.
Sikusema kitu. Nzai naye hakusema.
Saa ya ishirini na moja, kona ya kushoto,
seli moja ikajikaza kiunoni
kama mtu afungaye kanga vizuri kabla ya kazi,
ikakaza, ikakaza,
zikawa mbili.

Nimempigia Mbeyu. Hajapokea.

Chini ya meza, to.
Kisha tena, to.
Gundi niliyoisingizia imeanza kuvuja kweli.
Nimetega bakuli,
nimeandika saa daftarini,
pampu sijaizima.