Benchi la Karibu na Mlango

Mimi ni mdomo wa watu wanaoruka.
Kila Jumamosi, mtaa wa Oli, mjini Arua,
kwenye kibanda cha Feruzi, paa bati, kuta turubai,
naketi juu ya kreti la soda, maikrofoni nimeivisha soksi,
namtafsiria shujaa.
Akinguruma, nanguruma. Akibusu, nakohoa,
kwa kuwa mama yangu anauza chapati hapo nje
na turubai halijui kutunza siri.

Mwanzo wa kila sehemu huja maandishi meupe
juu ya weusi, sekunde tano:
*Zifuatazo ni picha za ukatili.
Huenda zikamtatiza mtazamaji.*
Sikuwahi kuyasoma.
Sekunde tano ni pesa. Nilitangazia humo
betri za Aluma, chapati za mama, fundi viatu wa stendi.
Nani alipe mia tano ili aambiwe aogope?

Sehemu ya sita.
Yule mwenye joho jekundu, tuliyemshangilia wiki tano,
anashuka kijijini usiku,
na safari hii hakushuka kuokoa.
Waliomtunga walitaka tuone, nadhani,
kwamba nguvu isiyo na wa kuikemea huoza,
jambo ambalo huku hatuwashi jenereta ili tulijue.
Anausukuma mlango kwa kidole.
Chini ya kitanda yupo mama, kiganja chake
kimeziba kinywa cha mtoto.
Kibanda kizima: "Weee!" Vijana miluzi.
Nami, kwa ufundi wangu, nikaongeza chumvi:
nikauigiza mlango, kraaa,
nikaziigiza pumzi za mtoto ndani ya soksi,
karibu, karibu sana.

Ndipo Keji anayeuza njugu
akaweka sinia yake chini. Polepole. Haikumwagika hata punje.
Akaingia chini ya benchi.
Akajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Watu walidhani anatafuta sarafu.

Nikanyamaza. Pichani midomo inacheza, maneno hakuna.
"Tafsiri! Drani, tafsiri! Mia tano zetu!"
Lugha nne ninazo:
Kiswahili, Kilugbara, Kinubi, na Kiingereza cha kuokoteza.
Zote zilikuwa chini ya benchi pamoja naye.
Nikachomoa waya.

Baadaye, nje, kwenye moshi wa chapati,
nikamwambia pole. Nikamwambia ni filamu tu,
damu ile ni rangi, yule mama analipwa.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Mlango uliupatia," akasema. "Ndivyo ulivyolia wetu, kule Yei.
Ila wao hawakuwa na joho. Mmoja alivaa ndala."
Akamenya njugu moja, asiile.
Nikasema nitaikata sehemu ile.
"Usikate. Mtoto alitoka?"
Sikuwa na jibu. Sikuwa nimeitazama hadi mwisho.
"Ungeniambia tu mapema," akasema.
"Ningekaa karibu na mlango."

Siku hizi nayasoma.
Yote, hadi nukta, kwa sauti isiyo ya mchezo,
Kiswahili kwanza, kisha Kilugbara.
Hilo neno *kumtatiza* bado linanikwama kooni;
nasema: mna picha zinazoweza kukurudisha ulikotoka.
Watoto wanalalama. Aluma amenuna na betri zake.
Benchi la karibu na mlango naliacha wazi kwa ajili ya Keji,
naye huja akipenda, sinia magotini.

Jumamosi iliyopita hakuja.
Nikasoma hivyo hivyo. Nikameza mate, kidole juu ya kitufe.
Akainuka Onzima, fundi wa pikipiki,
kifua kama gunia la mihogo,
yule yule anayecheka pichani wakizika,
akapita katikati ya magoti ya watu, kimya,
akaketi pale.

Miaka kumi anakuja humu.
Miaka kumi, na mimi natangaza betri.